Ruzuku ya mikoko: andikeni jasho lenu kwanza

Kabla hujafungua kompyuta kuandika ombi la ruzuku, nionyeshe daftari lenu la mahudhurio. Hivyo ndivyo ninavyomjibu kila anayenipigia simu kuuliza kikundi chetu kilipataje fedha za kurejesha mikoko, na najua jibu hilo huwavunja moyo wengi. Wanataka jina la mfadhili. Nitafika huko, lakini ukilipata jina bila daftari utapoteza miezi ukiandika ombi ambalo litakurudia na swali moja: na nyinyi wenyewe mnachangia nini?

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kujitolea huku Kwale, kusini ya Ukunda. Riziki yangu ni cherehani. Katika kikundi, kina mama ndio wengi: wauza samaki wa kukaanga, wasuka makuti, wenye mashamba ya mihogo na minazi. Wanaume wengi ni wavuvi wa BMU, yaani chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, nao huja kwa wingi wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vinapovutwa pwani. Hakuna hata mmoja anayelipwa mshahara na kikundi.

Tunachokilinda ni hori letu, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakijaa, samaki wachanga, tafi, changu na mkizi, huingia katikati ya mizizi ya mikoko kujificha na kula. Yakipwa hutoka hadi kwenye nyasi za bahari, na wakishakua huelekea miambani, ambako ndiko waume zetu na kaka zetu huwatega. Kamba hukulia humo humo. Kaa wa matope huchimba mashimo yao chini ya miti, na mashimo hayo hupitisha hewa na maji ardhini, jambo ambalo mikoko yenyewe inalihitaji. Wakati wa kaskazi huja vitwitwi kutoka nchi za baridi na kutafuta chakula kwenye tope pamoja na yangeyange wetu. Mtu akiniuliza kwa nini mradi wa miti unaombewa fedha kwa jina la samaki na ndege, humpeleka horini maji yakiwa yanaanza kujaa, tukasimama tu tukatazama.

Sasa, upande mmoja wa hori hilo mikoko ilikufa. Ilikufa imesimama, hekta baada ya hekta, matawi makavu na tope lenye ganda jeupe la chumvi. Chanzo kilikuwa njia ya murram iliyoinuliwa kwa tuta miaka mingi iliyopita, ikakatiza mkondo wa maji. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yalikuwa yakiruka tuta na kuingia, kisha yanakosa pa kutokea. Jua linayakausha, chumvi inabaki, na kila bamvua inaongeza nyingine juu yake. Mwishowe hata mchu, ambao huvumilia chumvi kuliko mikoko yetu mingine mingi, ulishindwa.

Watu wakaja kupanda miti hapo hapo. Walikuja wageni wenye fulana za rangi moja na mabango, kwa mapenzi mema kabisa, wakachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoning'inia mtini, kwa mistari iliyonyooka. Zilikauka. Mwaka uliofuata wakaja wengine, zikakauka tena. Kila mara ripoti ilisema miti elfu kadhaa imepandwa, na ripoti hiyo ilikuwa ya kweli.

Hapa ndipo ninapokwaruzana na namna fedha nyingi za mazingira zinavyotolewa. Serikali yetu imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Lakini lengo la idadi huteremka hadi kwenye fomu za ruzuku, na fomu ikishauliza "miti mingapi?", kikundi kitajibu kwa miti. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta moja inameza miche 10,000. Kikundi chenye eneo la hekta mbili lililokufa kinaweza kuandika 20,000 kwenye ombi, kikapanda 20,000, kikapiga picha, kikapokea awamu ya mwisho ya fedha. Hakuna mahali kwenye fomu palipoulizwa kama maji yanafika na kutoka.

Swali hilo la maji lilitatuliwa na mwenyekiti wetu, mvuvi mzee ambaye miguu haimpeleki tena baharini. Tulipofika pale na kijana mmoja mtaalamu wa mikoko, mzee alichukua fimbo yake akachora mstari kwenye tope kavu. "Mwanangu," akamwambia yule kijana, "hapa tulikuwa tukipita na mtumbwi, maji yakijaa. Tulikuwa tukitokea kule kwenye ule mkomafi." Mkomafi, ambao nao ni aina ya mikoko, bado ulikuwepo. Tukaufuata ule mstari, na chini ya mchanga tukakuta tope laini jeusi la mkondo wa zamani.

Kijana alitufundisha kupima kimo cha ardhi kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi wa nyumba husawazishia msingi. Mmoja anashika ncha pale penye mikoko hai, mwingine anashika ncha pale palipokufa, mnasoma maji yamesimama wapi kila upande. Kila mti una kimo chake: mlilana hukaa mbele kabisa kwenye bahari, mkoko na muia hufuata, mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu utauona mbele na utauona nyuma kuelekea bara. Ukijua kimo, unajua ni mti gani ungeishi hapo na kama maji yangeufikia. Kifaa chote kilitugharimu bei ya mpira. Mbinu yenyewe, ya kurudisha mwendo wa maji kwanza na kuyaachia maji yalete mbegu, ilijengwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani Robin Lewis, mwanaikolojia wa Florida, na siku hizi inafundishwa kwa jamii za pwani sehemu nyingi, Lamu na delta ya Rufiji zikiwemo.

Kwa hiyo ombi letu la ruzuku halikuomba fedha za miche. Liliomba makalavati mawili ya kupitisha maji chini ya tuta, usafiri wa kuyaleta, fundi wa kuyalaza, majembe, makarai, gambuti, glavu, na chakula cha siku za kazi. Mfereji wenyewe tungeuchimba sisi. Nafasi iliyoachwa kwa ajili ya idadi ya miti tuliijaza kwa maneno: eneo la hekta ngapi maji yataingia na kutoka, na baada ya muda gani tutahesabu miche iliyoota yenyewe. Mfadhili alirudisha ombi mara ya kwanza akitaka idadi. Tukaandika barua ya kurasa mbili tukaeleza kilichotokea kwa miche ya wale waliotutangulia, tukaweka na picha. Likapita.

Narudi kwenye daftari. Wafadhili karibu wote wa miradi midogo hutaka kuona mchango wa jamii. Kikundi maskini kikisoma hivyo hudhani kinatakiwa kuwa na fedha benki, na wengi huacha hapo hapo. Mchango huo unaweza kuwa kazi. Tuseme kibarua wa kutwa kijijini kwenu analipwa shilingi 500. Watu 30 wakichimba mfereji kwa siku 12, hiyo ni shilingi 180,000 ambazo kikundi kimeweka kwenye mradi, na nyinyi ndio wachangiaji. Ongeza mtumbwi wa BMU uliokopeshwa bure, uwanja wa madrasa mliofanyia mikutano bila kodi, mbegu zilizookotwa na watoto ufukweni, na mpishi aliyekuja na sufuria zake. Mambo haya yote yana bei inayojulikana kijijini. Yaandikwe kwa bei hiyo hiyo, bila kuongeza chumvi, maana mfadhili akikuta mmeandika kibarua cha shilingi 2,000 mahali ambapo hakuna anayelipwa hivyo, hataamini na risiti zenu za kweli.

Lakini kazi isiyoandikwa haiwezi kudaiwa. Daftari letu lina jina, tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, kazi iliyofanywa, na sahihi au alama ya kidole. Tulianza kuliandika kabla hatujajua kuna ruzuku yoyote duniani. Alilianzisha mama mmoja, muuza viazi karai, aliyechoka kusikia wanaume wakisema kwenye baraza kwamba kazi ya mikoko ni yao. Daftari lilipojaa, lilionyesha wazi kwamba saa nyingi zilikuwa za kina mama, na uchaguzi wa kamati uliofuata uliwapa nafasi walizostahili. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu ya kuwa na daftari.

Kisha fedha zikaja, na kwa fedha likaja jambo gumu kuliko yote: posho. Kundi lililokuwa likichimba bure linasikia kuna laki kadhaa kwenye akaunti. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini asilipwe. Nimeona vikundi viwili vya ukanda huu vikivunjika kwa swali hilo. Kimoja kililipa kila aliyefika, waliofika wakawa mara tatu ya wale wa kila siku, na fedha zilipokwisha hawakurudi hata wale wa mwanzo. Kingine hakikulipa mtu yeyote chochote, huku viongozi wakisafiri kwa warsha, na watu wakakaa nyumbani.

Sisi tulibishana juu ya hili mikutano mingi. Msimamo wangu niliusema hivi, na bado ninao. Afisa anayekuja kutoka mjini kutueleza faida ya kujitolea amelipwa mshahara wa siku hiyo, na ana haki nao. Mama aliyeacha karai lake la viazi ili aingie topeni amepoteza mapato ya siku hiyo. Kumwambia ajitolee kisha umrudishe nyumbani na njaa, kwa nauli ya mfukoni mwake, miguu imekatwa na makombe kwa kukosa viatu, ni kumtoza kodi. Tukakubaliana: chakula cha moto kwa kila anayefanya kazi, kilichopikwa na si pesa ya chakula, gambuti na glavu ni haki ya mfanyakazi, nauli kwa watokao mbali. Mwenye zamu ya kulinda kitalu usiku analipwa, kwa sababu hiyo ni kazi ya kila siku. Fundi wa makalavati analipwa. Kuchimba, kupanda na kuhesabu hakulipwi. Na kiongozi akienda warsha akapewa posho, anaripoti kwenye mkutano amepewa kiasi gani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichotuliza watu.

Mikoko ya Kenya, ujue, ni msitu wa serikali tangu 1932, hata ule ulio nyuma ya jiko lako. Kwa hiyo huwezi kuchimba wala kupanda bila kukubaliana na Huduma ya Misitu, KFS, na njia ya kawaida ni kupitia chama cha jamii cha misitu, CFA, kinachotambuliwa na sheria ya misitu ya 2016. Upande wa samaki mlango ni BMU. Kikundi chenyewe kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na kumbukumbu za mikutano. Mfadhili atavitaka vyote, na kuvitafuta kwa haraka wiki ya mwisho ni mateso.

Kuhusu majina. Kwa vikundi vidogo, mlango ninaoupendekeza kwanza ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, wengi huuita GEF SGP, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ulianzishwa 1992, na Kenya imekuwemo tangu 1993. Fedha zake huenda moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na mashirika yasiyo ya serikali, na wanaoamua ni kamati ya kitaifa ambayo wengi wa wajumbe wake hawatoki serikalini. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa mradi mmoja kilikuwa dola 50,000, na miradi mingi ilipewa chini ya hapo. Ni fedha nyingi kwa kijiji. Msiombe kiwango cha juu kwa sababu tu kipo. Fedha hutolewa kwa awamu, kila awamu ikisubiri ripoti ya iliyotangulia, kwa hiyo risiti ya petroli ya leo ndiyo inayofungua awamu ya miezi sita ijayo. Mimi hubandika risiti kwenye karatasi siku hiyo hiyo jioni, na za M-Pesa nazinakili kwa mkono, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini.

Jambo ambalo wafadhili wachache hulifikiria ni majira. Mbegu za mikoko hukomaa kwa msimu wake, na kuchimba mfereji kunataka siku za maji mafu, ukishindana na bamvua utafukiwa. Fedha zikichelewa wiki sita, mnaweza kuwa mmepoteza mwaka. Kwa hiyo kalenda ya ombi letu iliandikwa kwa majira ya bahari, na tuliweka sharti kwamba fedha zikija baada ya tarehe fulani, kazi za nje zitahamishiwa msimu unaofuata na mkataba utaongezwa muda bila kubadilisha kiasi. Mfadhili alikubali bila ubishi. Nadhani hakuwa ameombwa hivyo kabla.

Na kuna mwaka wa tatu. Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja au miwili. Mche wa mkoko wa miaka miwili bado unaweza kuliwa, kuzibwa na taka, kufunikwa na mchanga. Mfereji wetu unaziba kila baada ya mvua kubwa na lazima uzibuliwe. Mara fedha zinapokwisha, kazi hii haina mwenyewe kwenye karatasi, ingawa ndiyo inayoamua kama yote yaliyotangulia yalikuwa na maana.

Majirani zetu wa Gazi wamepata njia yao. Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 umekuwa ukiuza hati za kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa ambayo miti inaifyonza na kuihifadhi, chini ya utaratibu wa uthibitisho wa Plan Vivo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zinarudi kila mwaka, zimeleta maji na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata kwa eneo la zaidi ya hekta 460. Nafurahi sana nikipita pale na kuona mabomba ya maji. Lakini wageni wanaotuambia "fanyeni kama Gazi" hawajui kwamba watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, Dkt. James Kairo akiwa mstari wa mbele, walikuwa wakipanda na kupima pale tangu mapema miaka ya 1990. Nyuma ya hati ile ya kwanza kulikuwa na miaka 20 ya vipimo. Kikundi chenye hekta chache kama zetu hakitafika huko peke yake, na hakipaswi kuacha kuomba ruzuku kikisubiri kaboni.

Maji yanapita sasa. Yanaingia chini ya tuta, yanafika hadi kwenye ule mkomafi, yanatoka. Miche ya mchu imeota yenyewe kwenye kingo za mfereji, hakuna aliyeipanda, na kaa wamerudi kabla yake. Sehemu ya juu bado ni chumvi tupu, na pengine itabaki hivyo kwa muda; hapo tumejaribu mkandaa wa kitaluni, baadhi umeshika, mwingine umekufa. Wavuvi wa mishipi wanasema changu wadogo wameongezeka mdomoni mwa mkondo. Siliandiki hilo kwenye ripoti kama ushahidi, kwa sababu hatukupima kabla. Safari hii tunapima: vijana wawili wa sekondari huhesabu mashimo ya kaa kwenye miraba iliyozungushiwa kamba, na BMU wanaandika samaki wanaoteremshwa bandarini kwa aina na kilo.

Ombi la awamu ya pili liko mezani. Sehemu moja iliyobaki ina utata. Mwenyekiti na wavuvi wanataka tuombe mashua yenye injini, wakisema tumekodi vyombo vya watu vya kutosha na kwamba chombo kingesaidia doria pia. Mimi nataka kiasi hicho kiwekwe kwa miaka miwili ya kuzibua mfereji na kuhesabu, baada ya mradi kufungwa rasmi. Kamati inakaa Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Nimeshapiga hesabu ya petroli, ukarabati na leseni ya mashua kwa mwaka, nimeiandika karatasi moja, na nimemwomba yule mama wa viazi azungumze kabla yangu.